Koshu mezani: jinsi ya kununua, kupoza na kuandalia chakula mvinyo mweupe wa Kijapani

Anayekunywa Koshu kwa mara ya kwanza, tena bila chakula, huishia kuuliza: "Mbona kama maji?" Hata mimi niliuliza. Nilizoea mvinyo mweupe wa Afrika Kusini, ule ambao harufu ya pasheni inakufikia kabla hujainua glasi. Huu wa Wajapani ulikuja kimyakimya: mwepesi, mchachu kidogo, na kwa mbali una uchungu kama wa ganda la balungi. Nikausogeza pembeni. Baadaye ikaletwa sahani ya ngisi mbichi aliyenyunyiziwa chumvi, nikapiga funda jingine, na hapo ndipo nikaelewa. Koshu kazi yake ni ile ya ndimu. Hakuna anayekaa sebuleni kufyonza ndimu tupu, lakini samaki wa kuchoma bila ndimu hanogi.

Ukilishika hilo, mengine yote yatakuwa rahisi: chupa ya kununua, ubaridi wake, na chakula cha kuiwekea.

Hatua ya 1: Ijue zabibu yenyewe

Koshu ni jina la zabibu, na pia ni jina la zamani la eneo ambalo leo ni mkoa wa Yamanashi, magharibi mwa Tokyo, nyuma ya Mlima Fuji. Mvinyo wake ni mweupe ila ganda la zabibu si la kijani. Lina rangi ya waridi iliyofifia, inayokaribia zambarau, na ni gumu. Ganda hilo ndilo linaloleta ule uchungu mdogo na ukakasi unaobaki kwenye ufizi baada ya kumeza.

Kuna hadithi mbili kuhusu asili yake. Moja inasema mtawa wa Kibudha aitwaye Gyoki aliipata mwaka 718, akajenga hekalu la Daizenji pale Katsunuma, mji wa mizabibu ndani ya Yamanashi. Hekalu hilo bado lipo, watu huliita hekalu la zabibu, na linatengeneza mvinyo wake. Ya pili inasema mkulima aitwaye Amemiya Kageyu aliuona mzabibu wa ajabu ukiota porini mwaka 1186, akauhamishia shambani kwake. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2013 ulionyesha kitu cha tatu: takriban asilimia 70 ya zabibu hii inatokana na ukoo wa zabibu za Ulaya, na iliyobaki ni ya zabibu pori za China. Maana yake ilitoka upande wa Bahari ya Kaspi, ikapita China ikichanganyika njiani, hadi ikavuka bahari kuingia Japani. Wajapani huiita zabibu yao ya asili, na sioni sababu ya kubishana nao. Embe na ndizi nazo zilikuja kwetu kutoka Asia, na hakuna anayeziita wageni.

Kwa karne nyingi Koshu ilikuwa tunda la kula tu. Mvinyo ulianza miaka ya 1870. Mwaka 1877 kampuni ya Yamanashi iliwatuma Ufaransa vijana wawili, Takano Masanari na Tsuchiya Ryuken, wakajifunze kupogoa mizabibu na kuchachusha zabibu. Walirudi mwaka 1879. Biashara haikuwa rahisi, kwa sababu Wajapani wa wakati ule waliona mvinyo mkavu, yaani usio na utamu, kuwa mchachu mno, wakapenda ule uliotiwa sukari. Kwa muda mrefu zabibu nzuri zilienda sokoni kuliwa, na zilizobaki ndizo zilizokwenda kwenye mapipa.

Kisha Vita Kuu ya Pili vikaja na jambo ambalo sikulitegemea. Mvinyo ukitulia huacha chembe ngumu kama vipande vya kioo chini ya pipa. Jeshi la majini la Japani lilizitaka chembe hizo kutengenezea vifaa vya kusikilizia manowari chini ya maji, hivyo viwanda vya Yamanashi vikahimizwa kutengeneza mvinyo kwa wingi. Ladha haikumshughulisha mtu.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini ni mwepesi

Hatua hii ni fupi, ila ukiiruka utailaumu chupa bure. Yamanashi ni bonde lililozungukwa na milima, na kwa Japani linahesabiwa kuwa na mvua chache. Hata hivyo hupata zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka, kukiwa na masika ya Juni na Julai, kisha vimbunga vya Septemba wakati zabibu zinakaribia kuiva. Mkulima wa Dodoma anayehangaikia maji angeshangaa kuona wenzake wanayakimbia. Mizabibu hutambazwa juu ya chanja refu kupita kichwa cha mtu, upepo upite chini na unyevu usituame. Zaidi ya hapo, kila kichala huvalishwa kofia ya karatasi iliyotiwa nta. Nilipita chini ya chanja kama hilo mwezi Septemba: maelfu ya vikofia vyeupe, kila kimoja kimefungwa kwa mkono, na bibi mmoja juu ya kigoda akiendelea kufunga.

Zabibu za mazingira hayo hazijazi sukari nyingi, kwa hiyo kilevi hubaki chini, kwa kawaida asilimia 11 au 12. Unaposema "kama maji" unazungumzia mvua.

Hatua ya 3: Soma lebo kabla ya kulipa

Hapa ndipo nilipoliwa pesa yangu. Dukani Tokyo niliokota chupa yenye maandishi mazuri ya Kijapani na bei ya chini, nikafurahi kupata mvinyo wa Japani kwa bei ya soda. Kumbe ulikuwa umetengenezwa Japani kwa juisi nzito ya zabibu iliyoagizwa kutoka nje. Ulikuwa mtamu kama dawa ya kikohozi ya watoto.

Tangu Oktoba 2018 sheria inatenganisha vitu hivi viwili. Tafuta maandishi haya:

- 日本ワイン (hutamkwa Nihon wain): zabibu zote zimelimwa Japani na mvinyo umetengenezwa Japani. Usipoyaona, rudisha chupa rafuni.
- 甲州: Koshu. Jina la zabibu likiandikwa hivi, angalau asilimia 85 ya zabibu ni za aina hiyo. Mwaka wa mavuno una sharti hilohilo.
- GI Yamanashi: alama ya asili ya mahali iliyoanza mwaka 2013. Zabibu ni za Yamanashi na mvinyo umeonjwa na kupitishwa.
- 辛口 ni mkavu, 甘口 ni mtamu. Kwa chakula chukua wa kwanza.

Chupa nzuri ya kila siku huko Japani inapatikana kwa yeni 2,000 hivi. Nje ya Japani andaa zaidi, maana usafiri na ushuru vinaongeza. Wazalishaji wa Yamanashi waliungana mwaka 2009 kuipeleka Koshu Ulaya, London ikiwa mlango wao wa kwanza, kwa hiyo walioko Uingereza wana nafasi nzuri ya kuipata kwenye maduka ya mvinyo na ya vyakula vya Kijapani. Majina ya kuanzia: Grace, Château Mercian, Lumière, Marufuji (lebo yake ni Rubaiyat), Katsunuma Jozo (lebo yake ni Aruga Branca). Grace ndiyo iliyoshangaza wengi mwaka 2014, Koshu yake ilipopata medali ya dhahabu kwenye mashindano ya Decanter, jarida la mvinyo, huko London.

Angalia mwaka. Koshu nyingi hunywewa changa, ndani ya miaka miwili au mitatu. Ya miaka saba iliyokaa dirishani mwa duka mwachie mwenye duka.

Hatua ya 4: Chagua mtindo kulingana na chakula

Zabibu ni moja, lakini chupa zinatofautiana sana. Kosa la wengi ni kuonja mtindo mmoja na kutoa hukumu kwa zote.

*Sur lie.* Ndio wa kuanzia. Baada ya kuchachuka, mvinyo huachwa ukae juu ya mashapo ya chachu hadi majira ya kuchipua, ndipo unawekwa kwenye chupa. Mashapo hayo huupa unene kidogo na ladha inayokaribia mkate au supu ya mwani. Mercian ilianza njia hii kwa Koshu miaka ya 1980, na badala ya kuificha ikawafundisha majirani. Ndiyo maana leo karibu kila kiwanda cha Katsunuma kina sur lie yake. Ukiwa na chupa moja tu ya kununua, nunua hii.

*Ya harufu.* Kwa zao la 2004, Mercian na watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walitoa Koshu iitwayo Kiiroka, yenye harufu ya balungi iliyo wazi kabisa. Zabibu zilivunwa mapema na kulindwa zisiguswe na hewa. Wanaolalamika kwamba Koshu haina harufu waanze na aina hii.

*Ya pipa.* Imechachushwa au kukaa ndani ya pipa la mwaloni. Ni nene na ina mafuta kidogo. Ikizidi, pipa linaimeza zabibu, na mimi huiona imezidi mara nyingi kuliko nusu.

*Kamoshi.* Juisi inachachuka pamoja na maganda, mvinyo unatoka na rangi ya chungwa au shaba. Una ukakasi kama chai ya rangi iliyokolea, na viungo kwa mbali, karafuu zikiwamo. Ndio unaobeba chakula kizito.

Zipo pia zenye povu, ambazo ni nzuri kwa vitu vya kukaanga, na tamu, ambazo sina la kusema juu yake.

Hatua ya 5: Poza kwa kiasi

Friji ya nyumbani iko kwenye nyuzi 4 hivi, na hapo Koshu inakufa kabisa. Sur lie na ya harufu zinataka nyuzi 8 hadi 10: itoe kwenye friji, iache mezani dakika kumi na tano, kisha mimina. Ya pipa na kamoshi ziache nusu saa, zifike 12 au 13. Mahali pa joto punguza muda huo.

Tumia glasi ndogo ya mvinyo mweupe, ujaze theluthi. Chupa nyingi zina kifuniko cha kuzungusha, huna haja ya kizibuo. Ikibaki, funga urudishe kwenye friji na uimalize ndani ya siku mbili au tatu.

Hatua ya 6: Fanya jaribio la chuma

Kabla ya kupanga chakula, fanya jaribio hili mara moja tu katika maisha yako. Chukua kipande cha samaki mbichi, au dagaa mkavu, au ngisi mkavu. Kitafune, kisha piga funda la mvinyo mwekundu mzito. Utasikia harufu ya shombo ikipanda puani na ladha ya sarafu ulimini. Suuza kinywa, rudia kwa Koshu. Shombo haipo.

Sababu inajulikana. Mwaka 2009 watafiti wa Mercian walichapisha matokeo ya kuonja aina nyingi za mvinyo pamoja na nyama ya kombe. Kilicholeta shombo ni madini ya chuma yaliyo ndani ya mvinyo: yakizidi miligramu 2 hivi kwa lita, yanayavunja mafuta ya samaki papo hapo mdomoni na kutoa harufu ile. Walipoyafunga madini hayo yasifanye kazi, shombo ikapungua. Kwa hiyo ile kanuni ya "mweupe kwa samaki" si ya rangi. Upo mvinyo mweupe wenye chuma kingi unaoharibu sushi, na upo mwekundu wenye chuma kidogo unaokaa nayo vizuri.

Hatua ya 7: Pakua chakula cha Kijapani

Anza na vitu vya chumvi. Samaki mweupe mbichi, ngisi, kombe na chaza wote wanakaa na sur lie. Mchuzi wa soya tia tone tu, au uache kabisa utumie chumvi na tone la yuzu, ambalo ni tunda jamaa ya ndimu lenye ganda la kunukia. Hapo uchungu wa mvinyo na wa ganda la yuzu unaingiliana hata hujui kipi ni kipi.

Tempura (vitu vilivyochovywa kwenye uji wa unga na kukaangwa) ya kamba au ya mboga: chovya kwenye chumvi badala ya mchuzi. Uchachu wa Koshu unakata mafuta na kukuachia mdomo mkavu kwa kipande kinachofuata. Ukipata yenye povu, ndiyo hapa mahali pake.

Mishikaki ya kuku, yaani yakitori, huagizwa kwa namna mbili. Sema *shio*, ni ya chumvi. Ukisema *tare* utaletewa iliyopakwa mchuzi mtamu wa soya, na utamu huo utaifanya sur lie ionekane kama siki. Kwa ya tare, na kwa mkunga wa kuchoma aliyepakwa mchuzi wa aina hiyo, fungua kamoshi.

Vyakula vya supu ndivyo vilivyonishangaza. Msingi wa upishi wa Kijapani ni *dashi*, supu nyepesi ya mwani mkavu na sehewa aliyekaushwa kwa moshi na kukunwa kama mbao ya randa. Mvinyo wenye harufu kali huifunika supu hiyo. Koshu inaiacha iseme. Jaribu figili iliyochemshwa polepole kwenye dashi, au tofu ya baridi yenye tangawizi juu.

Yamanashi kwenyewe wanakula *hoto*: tambi pana nene, boga na mboga, vyote ndani ya supu ya miso, yaani rojo la soya lililochachushwa. Ni chakula cha baridi, kizito, kinashibisha kama ugali. Kamoshi au ya pipa.

Jodari mwekundu mwenye soya, nyama ya ng'ombe yenye mafuta, kitu chochote chenye pilipili nyingi: iache Koshu kwenye friji.

Hatua ya 8: Ukiipeleka kwenye meza ya kwetu

Meza nyingi za pwani haziwekwi kilevi, na heshima ya nyumba inatangulia. Kwa wanaokunywa, haya ndiyo niliyoyajaribu mwenyewe.

Changu wa kuchoma na pweza wa mkaa vinakubali mara moja, kwa sharti moja: punguza ndimu. Chakula kikiwa kichachu kuliko mvinyo, mvinyo unageuka maji. Mpe samaki nusu ya ndimu uliyozoea, nusu nyingine glasi itaifanya. Ukwaju na achari ya embe zimeishinda kila mara nilipojaribu.

Kwa kachumbari, osha vitunguu kwa maji ya chumvi, uvikamue vizuri hadi ukali utoke. Pilipili weka kisahani cha pembeni.

Samaki wa kupaka nilidhani atashindikana kwa sababu ya tui. Sur lie kweli ilipotea, lakini Koshu ya pipa ilishikana na nazi vizuri kuliko nilivyotarajia. Pilau na biriani sikufanikiwa. Bizari na iliki zinaongea kwa sauti kubwa mno, na sioni haja ya kulazimisha.

Hatua ya 9: Ukifika Japani, nenda Katsunuma

Panda treni ya reli ya Chuo kutoka Shinjuku, jijini Tokyo, hadi kituo cha Katsunuma-budokyo, saa moja na nusu hivi kwa treni ya haraka. Kituo kiko mlimani, na ukitoka tu unaliona bonde lote la mizabibu chini yako. Jirani kuna kilima cha Budo no Oka. Kwenye ghala lake la chini ya ardhi unalipia kisahani kidogo cha chuma cha kuonjea, kisha unazunguka kati ya mapipa yaliyopangwa chupa juu yake, ukijimiminia kidogo kidogo. Anza na sur lie za viwanda vitano tofauti uzilinganishe. Ukianza na tamu, ulimi umekwisha.

Usikodi gari. Sheria ya Japani ni kali kwa dereva aliyeonja hata kidogo, na abiria anayejua dereva amekunywa naye anaadhibiwa. Baiskeli pia imo. Tembea, au chukua teksi.

Zabibu huvunwa kuanzia Septemba hadi karibu mwisho wa Oktoba, na huo ndio wakati wa kwenda. Viwanda vikubwa vinapokea wageni kwa utaratibu, vidogo vinataka upige simu kwanza. Kwenye kimoja kidogo, mzee mwenye nyumba alinikaribisha jikoni baada ya kuonja chupa zote za kupendeza za mbele. Akavuta kutoka chini ya meza chupa kubwa ya lita 1.8, ile inayotumika kwa sake, isiyo na lebo yoyote ya kuvutia. Ndani mlikuwa na Koshu ya wenyeji, wanayokunywa baada ya shamba. Hakuleta glasi. Alichukua vikombe viwili vya udongo vya chai, akajaza hadi juu, akasogeza bakuli la mboga zilizotiwa chumvi. Kikombe kilikuwa bado na vuguvugu la chai ya mchana, na mvinyo ule haukuharibika hata kidogo.